Shemeji Si Kuruta

Sajenti alikuwa akijiandaa kwa mchujo wa kikosi cha washauri, wale wanaotumwa kufundisha majeshi ya nchi nyingine. Kukimbia na mzigo mgongoni hakukumsumbua. Kilichomtia hofu ni kufundisha watu asioweza kuwaamrisha. Basi Jumapili alimkalisha sebuleni mdogo wa mumewe, kinyozi, amfundishe kufunga bendeji.

"Siyo hivyo! Kaza!" alifoka.

Kinyozi aliiweka bendeji mezani. "Shemeji, mimi si kuruta wako. Ukinifokea tena narudi zangu saluni."

Mumewe, aliyekuwa akipiga pasi, alijikaza asicheke, akashindwa.

Sajenti alishusha pumzi, akanyoosha mkono wake mwenyewe. "Yaishe, shemeji. Nifunge mimi, nitakuambia panapolegea."

Kinyozi alifunga, akafungua, akafunga tena. Sajenti alijilazimisha kunyamaza, ila pale alipoulizwa. Hatimaye bendeji ilikaa barabara, na kinyozi akaitazama kazi yake kwa raha.

Mwezi uliofuata Sajenti aliwafundisha askari ambao hakujua lugha yao, bila kupandisha sauti, akachaguliwa. Siku ya safari, shemeji alifunga saluni mapema akamsindikiza.