Kibofu cha Mkurugenzi

Mdogo wangu ana miaka sita, na nyumbani tunamwita Mkurugenzi kwa sababu hata paka hatoki nje bila ruhusa yake. Alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Madaktari walimfanyia upasuaji wakamtengenezea, ila utumbo wa mwisho ukabaki mvivu: choo kinajikusanya humo mpaka unatanuka. Basi kila jioni mama humwosha utumbo kwa maji yanayoingizwa kwa mpira, saa nzima, naye huketi chooni akitoa amri.

Ndiyo maana hajawahi kulala ugenini. Likizo hii binamu zake wote wako kwa shangazi. Daktari alisema kipimo cha ultrasaundi kikionyesha upana wa utumbo umeshuka chini ya sentimita tatu, mpira utapumzishwa. Mara ya mwisho zilikuwa nne. Mkurugenzi alishaamua utashuka, alibaki daktari tu kupewa taarifa.

Sharti la kipimo: aje na kibofu kimejaa. Alikunywa chupa mbili za maji, tukaketi kwenye benchi kusubiri. Sasa, kwetu chooni huendwa kwa kengele ya simu ya mama, kila baada ya chai, mwaka wa pili huu. Kengele ikalia. Mama, bila kufikiri, akamshika mkono wakaenda. Walirudi wanatabasamu.

"Amekojoa?" nikauliza.

"Mwingi," mama akasema kwa fahari. Kisha uso ukamshuka.

Mpimaji, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliweka kifaa tumboni mara moja tu akakitoa. "Utumbo uko nyuma ya kibofu. Kikijaa ndiyo dirisha langu. Nani kafunga dirisha?"

Mama akatazama dari.

"Daktari anaondoka saa sita. Jazeni mrudi."

Mkurugenzi akanyoosha mkono apewe chupa. Akanywa, akapumua, akanywa tena. "Kaka, leo usinichekeshe. Nikicheka mkojo utatoka."

Nikafungwa mdomo na mtu asiyejua kufunga viatu. Mbele yetu mzee mmoja alisinzia, na kila akikoroma kofia inapanda, inashuka. Niliumia mbavu kwa kubana kicheko. Mkurugenzi alibana miguu, macho ukutani, jasho puani. Kengele ya mama, ambayo hakuizima vizuri, ikalia tena.

"Mama, izime."

Mama akaizima.

Saa tano na nusu akapanda kitandani kwa hatua za bata. Mpimaji akampaka jeli ya baridi. "Lazima nibonyeze kidogo."

"Taratibu. Pamejaa."

Kwenye kioo cha mashine kikatokea kibofu, cheusi kama kisima, na nyuma yake duara la utumbo. Mpimaji akavuta mstari kutoka ukingo hadi ukingo. "Mbili nukta nane."

"Pima tena," Mkurugenzi akasema. "Wasije wakasema ulikosea."

Akapima tena. Mbili nukta nane.

Daktari alisema mpira upumzike wiki mbili, dawa iendelee, kisha arudi kupimwa. Utumbo ukitanuka, mpira nao unarudi.

"Na kwa shangazi?" Mkurugenzi akauliza.

"Nenda. Ila choo baada ya chai hukohuko."

"Hiyo ratiba naijua kuliko wewe," akasema, tayari yuko mlangoni anakimbilia chooni.

Nikasimama nje ya choo.

"Kaka, upo?"

"Nipo."

"Haya, nichekeshe sasa."

Nikamwaga yote: mzee, kofia, mikoromo, na ya kwangu ya kuongezea. Ndani ulisikika mchirizi wa mkojo tu, mrefu, usioisha.

"Ni hayo tu?" akauliza.