Shamba la Mgeni

Tangu astaafu ualimu, Attracta Gilhooly alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza majina ya mashamba. Kamati ya parokia ilitaka kuyachora kwenye ramani kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka nayo. Huko katika kaunti ya Leitrim kila kipande cha ardhi kina jina lake, hata kile kisichofaa kulisha mbuzi.

Packie Mulvey, mzee wa miaka sabini na minane ambaye hakuwahi kuoa, alimtajia mashamba yake kumi na moja bila kupumua. Alipofika la kumi na mbili akajikuna shavu.

"Hilo la chini ni Gort an Strainséara."

"Shamba la Mgeni? Mgeni gani?"

"Mwalimu, ningejua ningekwambia. Hatulilimi. Baba alisema lisiguswe, na baba yangu hakuwa mtu wa kuulizwa jambo mara mbili."

Attracta aliliona mwenyewe: ardhi nzuri kuliko zote, imezungushiwa ukuta wa mawe, na katikati jiwe moja lisilo na maandishi. Nani aache ardhi kama hiyo?

Swali lile likamganda. Asubuhi iliyofuata alifungua kwenye kompyuta picha za daftari la ubatizo la parokia, akaanza kuwafuata kina Mulvey kurudi nyuma. Alimpata Bartley, babu yake Packie, mwezi Februari mwaka 1848, wakati wa ile njaa kubwa ya viazi. Palipotakiwa majina ya wazazi, padri aliandika kwamba hawajulikani. Pembeni akaongeza kwa herufi ndogo: mtoto ameokotwa kwenye lango la Hugh Mulvey, mikononi mwa mama aliyekufa, mama amezikwa shambani kwa Mulvey huyo.

Attracta aliisoma mara tatu. Kisha akakaa siku mbili nzima bila kujua afanye nini. Kumwambia mzee kwamba jina lake si la damu? Lakini kumficha nako aliona ni wizi. Akachapisha ukurasa, akaupeleka.

Packie alivaa miwani, akasoma taratibu, mdomo ukicheza. Chai ilipoa.

"Kwa hiyo mimi si Mulvey."

"Hugh alimpa babu yako jina lake na ardhi yake, Packie."

"Halafu binamu zangu wa Drumshanbo wamenitania miaka yote kwamba nimerithi pua ya kina Mulvey!" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akageukia dirisha lililotazama shamba la chini. "Basi yule pale ni mama mzaa babu yangu. Na mimi nimempita kila siku na ndoo bila hata salamu."

"Kwenye ramani tubadilishe jina?"

"Wewe, liache kama lilivyo. Waliomzika ndio waliolipa jina hilo. Ila andika chini yake kwamba alikuwa na mtoto." Akavua miwani. "Alikuwa anatoka wapi, mwalimu?"

Alhamisi wakaenda maktaba ya kaunti. Packie alivaa koti lake la kwendea misa. Mkutubi akawaletea daftari la nyumba ya maskini, walikokimbilia wenye njaa wa miaka ile, wakalifuatilia kwa kidole mstari kwa mstari. Januari 1848: Honor, miaka ishirini na miwili, mjamzito, ameondoka kwa hiari. Jina la ukoo lilikuwa limefutwa na doa la maji.

"Anaweza kuwa yeye," Attracta alisema kwa sauti ya chini. "Anaweza pia asiwe."

"Honor," Packie alijaribu jina lile, kama anayeonja kitu. Akainamia ukurasa hadi pua ikakaribia kuugusa. "Hapa wameandika parokia alikotoka. Ni ng'ambo ya mto, Roscommon. Huko nako wana madaftari?"

"Wanayo. Picha zake tunaweza kuzifungua hapa hapa kwenye kompyuta."

Packie alimgeukia mkutubi. "Binti, leo mnafunga saa ngapi?"