Meza ya Sita

Asubuhi Falonne alifungua mlango wa bati wa duka lake huko Butembo, akafagia vumbi jekundu, akachomeka simu za wateja kwenye betri ya sola, akateleka maji ya chai. Halafu aliwasha kompyuta na kuketi kwenye meza nne za poka ya mtandaoni kwa pamoja. Meza ya kwanza ilikuwa na Warusi, ya pili Wabrazili, na zile mbili nyingine zilikuwa na watu ambao hakujali wanatoka wapi, maadamu walikuwa na haraka. Mtu mwenye haraka ni mtamu kwenye karata.

Kucheza meza nyingi si uchawi. Ukipewa karata mbovu unazitupa bila kuzisikitikia, kwa sababu meza nyingine inakungoja. Uso wa meza hii huuchukui kwenda nao meza ile. Na jambo la kwanza kuliko yote, huinuki, maana anayeinuka amepoteza kiti. Duka la kuchaji simu na kutoa fotokopi lina kungoja kwingi, na Falonne alijifunza mchezo huo katika kungoja, kama wengine wanavyojifunza kufuma vitambaa. Mume wake Éphraïm alizoea kumtania. "Weye uko na meza ine," alikuwa akisema, "na hata moja hapana ya kulia bugali."

Éphraïm aliuawa kwa panga katika shamba lake la kakao, mbele ya Eringeti, kaskazini ya Beni, mwaka 2016, wakati wa mavuno. Waliokimbia walimwona akianguka kati ya miti, mlangoni pa kibanda cha kukaushia kakao, na walipofika Beni walisema mahali alipo. Kwa hiyo mahali alipo palijulikana. Lililobaki ni kwenda kumchukua, na kwa hilo kilitakiwa kibali, kwa kuwa eneo lilitangazwa jekundu na raia hawakuruhusiwa kupita. Kibali kilipaswa kutoka katika ofisi moja ya Beni, kwa kapiteni mmoja aliyeitwa Sadrack. Falonne alipanda gari kwenda huko mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa arudi juma lijalo. Alirudi Butembo, kwa sababu binti yake Rébecca alitaka kula, na juma lijalo la ofisi ile lilikuwa halijawahi kumfikia mtu yeyote.

Kifo peke yake angekibeba. Katika nchi ile watu wamejifunza kubeba vifo kama wanavyobeba ndizi, mgongoni, wakiendelea na safari. Kilichomkasirisha Falonne ni mume wake kulala nje kwenye mvua. Mtu huzikwa. Hata mlevi, hata mwizi wa kuku, huzikwa, na watu hulalamika wakati wa kuchimba kaburi, lakini wanachimba.

Jumanne moja, ili asifikiri, alifungua meza ya tano. Hakuwahi kupita nne. Karata zilipogawiwa alikuwa dukani kwake Butembo, na pia alikuwa Beni, katika mtaa wa Beu, jikoni kwa wifi yake Jemima, viwiko vyake juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua. Jemima, dada ya Éphraïm, alikuwa akichambua maharagi.

"Karibu, shemeki," Jemima alisema. "Ulishakula?"

"Nilikunywa chai."

"Ku njia hukukuta barrière ya maaskari?"

"Sikupita ku njia."

"Ni muzuri. Bale ba barrière banakamata hata viazi."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jemima hakungoja ya tatu. Alimsukumia Falonne nusu ya maharagi, na Falonne akachambua huko Beu, akatupa karata zake, na dukani akamtolea mzee mmoja fotokopi ya cheti cha ubatizo. Bugali aliyokula kwa Jemima mchana ilimshibisha na Butembo pia, na hilo lilikuwa nafuu nyumbani kwake.

Wazee wa kanisa walimwita. Mzee Manassé, aliyesemea wenzake, alieleza kwamba juu ya kuwa Butembo na Beni kwa wakati mmoja hawakuwa na neno. Neno lao lilikuwa karata. "Siku nitazika bwana yangu nitaacha," Falonne aliwajibu. Wakaomba pamoja, wakamwacha. Jumapili hakucheza, hilo alikuwa ameliamua mwenyewe tangu zamani.

Baada ya kuona kwamba Beu panafikika, alijaribu shamba. Alifungua meza ya sita akiwaza kile kibanda, miti iliyopandwa na babamkwe wake, na kijito cha chini. Meza ilifunguka, karata zikagawiwa, na hakufika popote. Shambani hapakuwa na meza. Éphraïm alizoea kula huko akiwa amekaa juu ya gunia, sahani mapajani. Falonne alilia, akafunga meza ile, akanawa uso. Halafu alifikiri ni nani, kati ya wote waliohusika na jambo hili, mwenye meza. Akafungua tena.

Meza ya Kapiteni Sadrack ilikuwa kubwa, ya mbao ya libuyu, yenye kioo juu yake. Kapiteni alipoingia na kikombe chake cha kahawa alimkuta Falonne ameketi upande wa wageni.

"Mama, nani alikuingiza?"

"Hakuna mutu. Niko ku meza."

"Bureau haiyafunguka bado."

"Nitangoja."

Kapiteni aliwaita askari wawili wamtoe. Walivuta, wakasukuma, wakapumzika, wakavuta tena. Hakutoka, kwa sababu kwenye meza ya sita bado alikuwa na jetoni za kuwekea dau, na mwenye jetoni hajainuka. Basi walichukua kiti. Falonne alibaki ameketi vilevile, kimo kilekile, bila kiti. Kapiteni aliamuru kiti kirudishwe, maana wageni wangeanza kuuliza maswali, na maswali katika ofisi ile yalikuwa tayari yametosha.

Siku zote zilizofuata, ofisi ilipofunguliwa, alikuwapo. Falonne alijua, kama ajuavyo kila mchezaji, kwamba jetoni zikimwishia pale kiti kinapewa mwingine na hakirudi. Meza nyingine alizicheza kwa ukali. Ya sita aliicheza kama bibi kizee anavyovuka mto juu ya gogo. Alitupa karata nzuri ambazo moyo ulimuuma kuzitupa, mradi aendelee kukaa.

Nyuma ya kapiteni kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha kulikuwa na ua wenye mzani. Siku moja liliingia lori kutoka kaskazini, likiwa limebeba magunia ya kakao. Askari waliyashusha, wakaanza kuyapima. Falonne alitazama midomo ya magunia. Ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa bluu, na mishono yote ililalia kushoto. Éphraïm alikuwa wa mkono wa kushoto. Magunia yale aliyashona mwenyewe siku chache kabla ya kuuawa na kuyapanga ndani ya kibanda, naye akaanguka mlangoni pa kibanda hichohicho. Aliyeyatoa alikuwa amemruka Éphraïm wakati wa kuingia na kumruka wakati wa kutoka, kwa kila gunia.

Hasira ilimpanda Falonne hadi masikioni, lakini uso wake ulibaki ule wa meza.

"Kapiteni, ile kakao inatoka wapi?"

"Ile ni preuve, ushahidi ya mauaji. Tunaichunga juu ya enquête."

"Preuve munaipima ku kilo?"

"Mama, tika makelele."

"Sipige makelele. Nasema tu ile camion ilikuwa na nafasi ya mutu moja."

Kapiteni alivuta pazia. Lakini ofisi ilikuwa na wageni kutwa nzima, watu wa Eringeti na vijiji vya kando ya barabara, waliokuja kuomba kibali cha kuona mashamba yao. Walimsalimia kapiteni, kisha wakamsalimia Falonne, kwa kuwa alikuwa ameketi mezani na adabu ni adabu. Kila mmoja Falonne alimwambia maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya kuuliza habari za nyumbani.

"Baba, nyuma ya hii bureau kuko kakao yenu. Bwana yangu bado iko kule. Yeye hapana kakao, ndiyo maana hakuna camion ya kumuleta."

Watu walisikiliza, wakashukuru, wakatoka. Pazia likawa halina kazi.

Kapiteni alituma neno Butembo kwamba duka lifungwe. Mapolisi walipofika waliwakuta vijana wa mtaa wamejaa mlangoni wakicheza drafti. Vijana hao walikuwa wameshalijadili jambo la Falonne siku ya ville morte, pale mji mzima ulipofunga maduka kulalamikia mauaji, naye akakutwa mbele ya kompyuta yake. Walibishana kama ile ni kazi au si kazi. Mmoja wao, Jéthro, alisema kwamba kukaa mbele ya kapiteni ndiyo grève yenyewe, mgomo wa kweli, na hakuna aliyempinga. Kwa hiyo hawakuwapisha mapolisi. Mapolisi walingoja, wakaomba wachajiwe simu zao, wakachajiwa, wakaenda.

Ndipo Kapiteni Sadrack alipobadilisha njia. Alfajiri moja alifunga mlango wa ofisi, akaketi, akaunganisha vidole vyake juu ya kioo.

"Mama Rébecca," alisema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo, "tuongee kama batu. Inuka, enda kwako, na leo hii nakupa kibali. Nakupa na gari. Maaskari batakusindikiza. Nitatafuta sanduku, mbao ya muzuri. Kama unataka na pasteur, tutamubeba. Na maua."

Lazima lisemwe: Falonne alitaka kuinuka. Magoti yake yalitaka, mgongo wake ulitaka. Alimwona Éphraïm ndani ya sanduku la mbao nzuri, amefunikwa, hanyeshewi.

Wakati huohuo, Butembo, kwenye meza ya sita, mchezaji aliyejiita Volga alisukuma mbele jetoni zake zote. Falonne alikuwa na tisa mbili mkononi, na juu ya meza kulikuwa na karata kubwa za kutisha. Kumfuata Volga kulimtaka aweke zake zote pia, na akishindwa hana kiti. Volga aliandika kwamba amemhurumia. Aliandika kwamba angekuwa yeye angetupa. Aliandika tena, na tena.

Falonne aliwatazama wote wawili. Mwenye karata nzuri haongezi maneno. Debe tupu ndilo linalovuma.

"Tia sahihi na ugonge muhuri," alimwambia kapiteni. "Nitainuka."

"Inuka kwanza."

"Muhuri kwanza."

Kwa mkono wake wa kulia, huko Butembo, alisukuma mbele jetoni zake zote. Kwa mkono huohuo, huko Beni, alinyoosha kidole kwenye droo ya kapiteni. Kapiteni aliivuta droo, labda kwa kuchoka tu. Ndani mlikuwa na kalamu, chumvi ndani ya karatasi, na betri za redio.

"Muhuri iko wapi?"

"Haiyafika," kapiteni alisema. "Tangu nilikuja hapa haiyafika."

Volga alifunua karata zake. Hakuwa na kitu.

Hivyo jetoni za Falonne zikawa mara mbili, na hapo Beni hakupata chochote, ila aliona. Watu waliopanga mstari nje ya ofisi ile, misimu na misimu, walikuwa wanaomba kitu ambacho hakikuwamo. Magunia peke yake ndiyo hayakuhitaji muhuri.

"Sasa uliona," kapiteni alisema polepole. "Utaenda?"

"Hapana."

Alipofunguliwa mlango, aliwaambia waliokuwa kwenye mstari habari ya droo. Wengine walirudi nyumbani. Wengine walibaki palepale, wakasema wamekwisha kuzoea.

Kiangazi kilipokwisha kapiteni alihamishwa, na meja aitwaye Zorobabel akaletwa mahali pake. Wakafanya remise et reprise, kama inavyotakiwa, anayeondoka akitaja kila kitu na anayeingia akikikagua. Meza ya libuyu, moja. Viti. Bendera. Mzani wa uani. Muhuri, hakuna. Kapiteni alisoma, meja akaitikia. Wakafika kwa Falonne.

"Na huyu?" meja aliuliza.

"Anangoja kibali. Iko hapa tangu mwaka jana."

"État?"

Kapiteni alimtazama. "Bon."

"Muandike na bwana yangu," Falonne alisema. "Éphraïm. Iko mbele ya Eringeti, ku mulango ya kibanda. Haiyazikwa. Kapiteni anaiacha, meja anaipokea."

Meja, aliyekuwa mtu mstaarabu, alivua kofia kabla ya kujibu.

"Ile hatuwezi kuandika, mama. Tukiandika, itakuwa yetu."

"Ndiyo maana nasema muandike."

Hawakuandika. Walitia sahihi juu ya meza, viti, bendera, mzani, na mwanamke mmoja katika hali nzuri, wakapeana mikono. Kapiteni alibeba begi lake na kwenda zake. Uani lori liliwasha moto, na huko kaskazini mvua mpya ilikuwa imeanza kunyesha juu ya miti ya kakao. Meja alizunguka meza, akasimama nyuma ya kiti chake kipya, asijue aanzie wapi.

"Ikala, komanda," Falonne alimwambia, "nikuambie bwana yangu iko wapi."

Meja hakuwa na meza nyingine. Akakaa.