Matunda ya Kunguru

Jeom-rye alikuwa na ulimi, na kijiji kizima kilimjua. Lakini jioni ile aliporudi sokoni na furushi la samaki wakavu mgongoni, akainua macho kuutazama mti wake wa gam, yale matunda matamu mekundu kama nyanya, ulimi ulimkauka.

Mti ulikuwa mtupu. Majani si hoja. Majani yalishapukutika tangu jalidi ya kwanza, kama kila mwaka. Matunda ndiyo yaliyokwisha. Mpaka kileleni, jamani! Halikubaki hata moja la kusingizia.

Barazani alikaa mkwewe, Thoa, mke ambaye Tae-sik, mwanawe wa pekee, alimwoa kusini mwa Vietnam na kumleta kijijini wakati wa joto. Vikapu vimemzunguka, vimefurika matunda mekundu, naye anayamenya ili yatundikwe yakauke. Mikono yake ilikuwa mikwaruzo mitupu, na uso unacheka.

"Mama, nimeyaokoa!" alisema. "Mti unakufa. Majani yote yameanguka! Nikasema nikichelewa matunda yataoza nao. Nimechuma yote, hata yale ya juu kabisa."

"Ya juu kabisa," alirudia Jeom-rye, akaketi chini kama gunia.

Angemgombezaje? Kwao Thoa hakuna baridi. Mti ukivua majani namna ile, huko ni wa kuni. Lakini hapa mtu hachumi akamaliza. Ya kileleni ni ya kunguru, wale wenye kifua cheupe na mkia mrefu, wapate cha kudonoa theluji ikifunika kila kitu. Mama mkwe wake Jeom-rye aliyaacha hata mwaka wa njaa, watoto wakilamba vyungu. Nyumba isiyoacha kitu juu ni nyumba ya walafi, basi, hakuna jina jingine. Na mti huu, uliosimama ukingo wa njia, Jeom-rye aliuonea fahari kuliko alivyomwonea mwanawe, wala hakuona haya kulisema.

Tena kesho! Kesho ukoo mzima ungepita hapo kwenda makaburini kwa sadaka ya mwezi wa kumi wa kalenda ya mwandamo. Jeom-rye alikuwa amembembeleza mzee wa ukoo, Mzee Man-ho, mpaka akakubali kwamba safari hii Thoa ndiye atakayewamiminia mababu pombe ya mchele. Anayemimina ni mtu wa nyumba, hana mjadala tena. Mama Dong-pil, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amepinga mbele za watu: "Kuku mgeni huyo, mila hajui hata moja. Ngojeni, mtaona." Sasa ataona nini? Mti uliokwanguliwa!

Alimweleza Thoa yote, bila kupaka asali. Machozi yakamlenga msichana, kisu mkononi. Kisha akayapangusa kwa mgongo wa mkono.

"Basi nitayarudisha."

"Utayarudisha! Maji yakimwagika yanazoleka?"

"Haya si maji, Mama. Yana vikonyo."

Na kweli. Thoa alikuwa ameyachuma vizuri kama alivyofundishwa, kila tunda na kijiti chake cha kufungia uzi. Mara mkwewe ameshajaza kapu na yuko ngazini.

"Usikanyage tawi! Matawi ya gam ni manafiki, yanakatika bila kulia! Kaa kwenye ngazi, we mtoto, utaniua!"

Akaishika ngazi kwa mikono miwili, na hofu ilipompungua kidogo, umwinyi ukamrudia. "Hilo peleka kushoto. Kushoto kwako ni kupi, kwani huko kwenu kushoto kuko wapi? Hayo mawili yatenganishe, yamebanana kama wanaotetana. Pandisha. Kunguru hali kwa kuinama."

"Mama, panda wewe basi."

"Ningekuwa na magoti yako ningeshafika mawinguni!"

Jua lilikuwa linakaribia mgongo wa mlima. Mbingu ilikuwa buluu, safi, ile ya siku za mwisho kabla ya theluji, na matawi yamejichora juu yake meusi tii, kila tunda linawaka peke yake. Thoa alisimama juu ya ngazi, uzi mdomoni, akasahau kufunga.

"Mbona mti uliokufa unapendeza hivi?"

"Haujafa, mwanangu. Umevua nguo ukalale."

Jeom-rye naye alitazama. Alikuwa amepita chini ya mti ule tangu akiwa mwari, akiwaza kuni, kabichi, magoti. Leo, shingo imemkakamaa, aliona jinsi ulivyo mzuri, akafurahi waziwazi kwamba ni wake.

Asubuhi ukoo ulifika, na aliyetangulia mbele alikuwa Mama Dong-pil. Alitazama juu. Akakaza macho.

"Ala! Njooni muone! Yamefungwa uzi! Mkwe kachuma yote, usiku wakayatundika kama nguo!" Akacheka mpaka akashika mbavu. Wengine wakaanza kucheka naye. Mzee Man-ho akageuka, uso haucheki.

Jeom-rye angeweza kudanganya, na uongo hakuukosa. Alijitokeza kifua mbele.

"Ndiyo, alichuma yote. Alidhani mti unakufa. Alipojua ni ya kunguru, alipanda akayarudisha moja moja, na mikono hiyo, itazameni! Sisi tunawaachia ndege yale tusiyoyafikia, halafu tunajiita wakarimu. Nani kati yenu aliwahi kumnyang'anya kunguru akamrudishia?"

Kicheko kikakatika. Mama Dong-pil hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Kunguru gani atakula tunda la uzi? Hao si wajinga."

Wala hakumaliza. Kunguru wawili waliruka kutoka kwenye mti wake mwenyewe, wakavuka ukuta, wakatua juu ya ngazi iliyosahaulika, wakaanza kudonoa tunda lililo karibu. Likapepesuka, wakalifuata.

Thoa, aliyekuwa amesimama nyuma na chano cha samaki, akasema taratibu, kwa lafudhi yake ileile, "Pole, Mama Dong-pil. Wa kwako wamehamia kwetu. Labda huko mmewaachia machachu."

Ukoo mzima ukaangua kicheko, na Mzee Man-ho akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Jeom-rye hakucheka. Alikuwa amevimba kwa fahari, hana hata pumzi ya kuchekea.

Mzee aliokota kofia yake, akaikung'uta, akachukua birika la pombe mikononi mwa mpwa wake.

"Wewe wa ngazi," alimwita Thoa. "Shika hili. Tangulia mbele, mababu wanasubiri."