Dole Gumba la Bi Safina

Tangu mlinzi wa kisima cha gesi alipompiga, Bi Safina alihisi mkono wake wa kulia umebaki kule mwambani Msimbati, unachokoa pweza peke yake. Huu uliofungwa plasta kifuani ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyelala.

Hata ofisini kwa kampuni ya ulinzi hakuwa ameamka vizuri. Kiyoyozi kilivuma kama maji yanayojaa, na karatasi mezani ilikuwa nyeupe kama mchanga wa bamvua, bahari inapokupwa mbali.

Afisa mmoja, Sudi, aliisoma polepole. Ilisema mama huyu aliteleza akaanguka karibu na uzio wa kisima cha gesi. Akiitia dole gumba, ataruhusiwa kurudi mwambani na wenzake. Asipoitia, njia ya pwani itabaki imefungwa kwake.

Maneno yalimpita kama samaki chini ya maji maangavu. Mwamba ule alifundishwa na mama yake, shimo kwa shimo. Aliutamani mno.

Sudi akasogeza pedi ya wino. Alipoona plasta imemeza dole gumba, akasema basi, la kushoto litatosha.

"Mwanangu," Bi Safina akasema, "kwa mkono wa kushoto hata chumvi simpi jirani. Nikupe ushahidi?"

Sudi alicheka kidogo, akamwambia karatasi haijui kulia wala kushoto.

"Mimi najua. Andika basi kwa nini wa kulia haupatikani."

Sudi akachukua kalamu, akasema ataandika kwamba alianguka.

Mlangoni alisimama Faraji, mlinzi mwenyewe aliyempiga, macho kwenye viatu vyake. Alikulia nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Safina. Mkono ule wa kulia aliouvunja ndio uliokuwa ukimgawia maandazi ya Idi.

"Hakuanguka, bosi," akasema. "Alikuwa nje ya uzio. Nilimpiga mimi, kwa rungu."

Sudi akamuuliza kama kazi ameichoka. Faraji akavua kofia ya kampuni, akaomba karatasi tupu.

Aliandika alichokifanya, kwa muda mrefu, kwa herufi kubwa za shule ya msingi, mara mbili: moja ya ofisi, moja ya mama. Kisha akampelekea Bi Safina nakala yake kwa mikono miwili.

Bi Safina hakuwa na mkono wa kupokelea. Akatandaza upindo wa kanga mapajani, na Faraji akapiga goti, akaiweka humo.