Sababu ya Kuondolewa

Mabasi manne ya watalii wa meli yalikuwa yameshaegeshwa Wilma Chablé alipofika kwenye lango la magofu ya Wamaya na shangazi yake, Fidelia. Jumapili raia huingia bure, basi walionyesha vitambulisho tu. Mlinzi wa zamu alikuwa Rosendo, mume wa dada yake.

"Shemeji, umefuata nini leo?"

"Kutembea. Au kutembea nako kunataka leseni?"

"Sitaki maneno mimi. Ukifungua mdomo kwa wageni, kazi yangu imeota mbawa."

Kwa miaka kumi na mmoja Wilma aliwaongoza wageni humo. Baba yake alikuwa miongoni mwa wanaume waliofyeka msitu uliofunika piramidi, na yeye ndiye aliyempelekea chakula cha mchana, angali na meno ya utoto. Tangu Januari ofisi ilidai leseni, na leseni ilidai cheti cha sekondari. Wilma alikuwa na cha msingi. Sasa alitandika vitanda hotelini, kule bandarini.

Magoti ya shangazi yalimsumbua, wakakaa kivulini chini ya piramidi wakizungumza Kimaya juu ya kuku wa jirani. Kikundi kikasimama karibu yao. Kiongozi wake, Brayan, kijana wa mjini mwenye leseni shingoni, alitazama saa kila mara; watu wake walitakiwa melini saa tisa, na bado walitaka kupitia ufukweni.

"Kisha Wamaya wakatoweka," alisema kwa Kiingereza. "Mpaka leo hakuna ajuaye walikokwenda."

Wilma akamtafsiria shangazi. Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwambie nilikwenda kukojoa tu, nimesharudi!"

Mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, akawageukia.

"Samahani, mnaongea lugha gani?"

Wilma alimtafuta Rosendo kwa macho. Alikuwa langoni, amewapa mgongo. Angeweza kutikisa kichwa tu, kama asiyejua Kiingereza.

"Kimaya," akajibu.

"Lakini si walitoweka?"

"Mimi nimetoka nyumbani asubuhi hii. Kijiji ni kile, nyuma ya miti."

Wakamzunguka. Nani aliyafukua mawe haya? Ngazi zimekuwaje nyembamba hivi? Wilma aliwajibu mmoja mmoja, na sauti yake, iliyozoea kunyamaza kwenye vyumba vya wenyewe, ikarudi. Brayan akabonyeza redio yake.

Msimamizi, Bwana Gamboa, alikuja na Rosendo nyuma yake.

"Unaongoza wageni bila leseni."

"Nimeulizwa, nikajibu."

"Mtoe. Mjazie fomu. Asikanyage hapa mwaka mzima."

Mama mwenye kofia alitaka kusema neno, lakini Brayan alikuwa ameshawaita garini.

Kwenye kibanda cha langoni, Rosendo alikaa na kalamu bila kumtazama.

"Jina?"

"Umemwoa dada yangu, Rosendo."

"Nimeagizwa niulize, shemeji."

Akamtajia lake, kisha la baba na la mama.

"Kazi?"

"Natandika vitanda."

Akaandika. Kilibaki kisanduku cha mwisho, sababu ya kuondolewa. Rosendo alichungulia dirishani. Gamboa alikuwa akisindikiza mabasi. Akainama, akaandika polepole, akamgeuzia karatasi.

Wilma akasoma: *Aliulizwa swali, akajibu.*

"Gamboa ataiona hii."

"Najua. Tia sahihi," Rosendo alisema, "kabla sijabadili mawazo."