Amina Iko Kwangu

Ukumbi wetu wa muziki zamani ulikuwa ghala la pamba. Uko upande wa Uganda, ukitoka Sikuda kabla hujaingia Busia mjini. Pamba ilipokwisha wakahamia popo. Kisha Bwana Edgar Ojangole akarudi kutoka Ulaya, alikokaa miezi saba akisomea muziki, akafukuza popo, akapaka chokaa, akabandika tangazo mlangoni: MSIMU WA MUZIKI WA KLASIKI, MATAMASHA NA MAFUNZO YA UMMA. Watu walijaa siku ya kwanza, kwa sababu neno mafunzo huku kwetu huenda pamoja na soda.

Mimi nilihudhuria yote. Binti yangu Norah Awor alikuwa mmoja wa wapigaji. Norah hupiga selo, ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti. Alifundishwa na padri mmoja wa Tororo, na padri alipohamishwa alimwachia chombo chenyewe. Marehemu baba yake alisema ng'ombe wetu hutoa maziwa zaidi Norah akifanya mazoezi. Majirani walisema wao husikia ng'ombe anazaa.

Tamasha la kwanza tulisimama kwa wimbo wa taifa, tukasimama kwa wimbo wa Afrika Mashariki, tukasimama kwa wimbo wa wenyeji, halafu wa wageni ili wasinune. Ukaja utambulisho. Kila mwenye cheo alitambulisha wenye vyeo wenzake ambao tayari walikuwa wametambulishwa. Wapigaji walipoitwa, mvua ikashuka juu ya mabati, tukaona midomo tu ya Bwana Ojangole ikitushukuru kwa kuja.

La pili lilikuwa la mafunzo, somo likiitwa Jinsi ya Kusikiliza Muziki. Mwalimu wa siku hiyo alieleza tangu asubuhi mpaka chai ya jioni. Norah aliitwa kutoa mfano. Akapiga noti moja, mwalimu akamshukuru na kuendelea. Ndiyo yote niliyosikia kwa mwanangu ukumbini mle kabla ya siku ya kufunga, na ilikuwa noti nzuri.

Wala si kwamba watu walichukia muziki. Ni ile karatasi ya ratiba. Muziki uliandikwa chini, baada ya hotuba ya mgeni rasmi na kabla tu ya sala ya kufunga, kwa jina la Burudani. Na kila mtu hapa anajua kwamba saa ikibana, burudani ndiyo inayorukwa.

Siku ya kufunga msimu haikuwa ya mchezo kwangu. Bwana Ojangole alikuwa amemwandikia Mwalimu Odhiambo, anayefundisha kwenye chuo cha muziki Nairobi, na Mwalimu akakubali kuvuka mpaka kumsikiliza Norah. Chuo kilikuwa na nafasi moja ya bure. Sharti lilikuwa fupi: mwanafunzi apige wimbo mzima mbele ya watu, bila kukatishwa, Mwalimu akiwepo. Na Mwalimu angerudi jioni ile ile kwa basi la Nairobi.

"Mama," Norah aliniambia tukiwa njiani, selo ikiwa mgongoni kama mtoto mgonjwa, "wakiniruka tena leo, hii kitu nauza."

"Hutauza."

"Nauza, Mama. Nanunua cherehani."

Nilimjua. Angenunua kweli.

Mwalimu Odhiambo alifika mapema, mtu mwembamba, kimya, na mkoba mmoja. Akaketi mstari wa tatu akisubiri muziki. Maskini, hakujua kwetu. Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Engole, ambaye aliwahi kugombea ubunge na anataka kugombea tena, na hapo katikati tunamwita Mheshimiwa ili asivunjike moyo. Alifika jua likiwa limeshavuka kichwa. Ikabidi tuanze upya, nyimbo zote, maana hakuwepo tulipoziimba.

Mshereheshaji alikuwa Egau wa redioni. "Watu ya Busia, mko? Mpeni Mheshimiwa makofi ya kilo!" Tukampa. "Hiyo ni nusu kilo! Mnapima kama wauza sukari!" Tukaongeza.

Mheshimiwa akazungumza. "Mimi nakuja hapa kama mtoto yenu," alisema, na nywele zake nyeupe. Alizungumza habari za barabara, mbolea na kuku wa kisasa. Aliahidi piano mbili. Simu yake ililia mara tatu, akazipokea zote pale pale kwenye kipaza sauti, na moja ilikuwa ya fundi wa choo chake. Alipofika kwenye muziki alisema muziki ni muhimu sana, ndiyo maana yeye hapendi kuuharakisha.

Norah alikuwa jukwaani muda wote huo, ameshika upinde wa kupigia selo, macho chini. Mwalimu Odhiambo akatazama saa yake. Akatazama mlango. Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa madirisha ya upande wa magharibi.

Mheshimiwa alipoketi, Egau akashika karatasi. "Jamani, muda umetubana. Burudani tutaruka, tuende moja kwa moja kwa sala ya kufunga. Mama Norah, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, karibu. Kwa ufupi, Mama."

Mwalimu Odhiambo akasimama, akatundika mkoba begani. Norah akaanza kulegeza nywele za upinde wake, taratibu, kama mtu anayevua viatu nyumbani.

Nikapanda jukwaani. Sina elimu kubwa, niliishia darasa la saba, lakini nimeketi kwenye shughuli za watu miaka mingi na nimeona kitu kimoja. Hotuba hukatwa. Muziki hurukwa. Chakula huisha. Sala hakuna mwenye ubavu wa kuikata, hata mwenye gari kubwa.

Nilipita kwanza kwa Norah, nikainama kama namtengeneza kola. "Kaza huo upinde."

"Mama, wamesema..."

"Piga wote, mpaka mwisho. Usiogope. Amina iko kwangu."

Nikashika kipaza sauti. "Tusimame sote. Tuinamishe vichwa, tufumbe macho. Leo tutaomba kimya kimya, kila mtu na haja yake, na chombo kitatusindikiza. Hakuna wa kutoka wala kufumbua macho kabla ya Amina."

Ukumbi mzima ukainama. Mheshimiwa akainama. Mwalimu Odhiambo alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama pale pale, mkono kwenye komeo, akainamisha kichwa.

Norah akaanza.

Ulikuwa wimbo wa Mzungu aliyekufa zamani, hauna maneno. Mimi siwezi kuueleza. Ulianza chini, mahali sauti ya mwanamume ingeanza, ukapanda polepole kama mtu anayebeba maji kilimani na hataki kumwaga. Nilikuwa nimeusikia jikoni vipande vipande, ukikatwa na watoto, kuku na mimi mwenyewe nikimtuma kuni. Sikuwa nimewahi kuusikia ukitembea.

Mimi huomba macho wazi, nimezoea kuchunga watoto na chungu kilicho motoni. Kwa hiyo niliona yote. Niliona simu ya Mheshimiwa ikitetemeka mfukoni, akaibana kwa mkono mpaka ikanyamaza. Niliona Egau akichungulia kwa jicho moja; nikamtazama, jicho likafungwa.

Na niliomba kweli. Asije mtu akasema nilichezea jina la Mungu. Niliomba mvua isinyeshe.

Katikati wimbo una mahali unaposimama kabisa, unavuta pumzi. Padri alimfundisha pale pasiguswe, pasubiriwe. Norah akanyanyua upinde, akasubiri.

"Amina!" akapaza sauti Egau, kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa.

"Amina!" wakaitikia watu wa nyuma, viti vikaanza kulia.

"Bado," nikasema kwenye kipaza sauti.

Viti vikaacha kulia.

"Bado, mwanangu Egau. Tuendelee kuomba."

Vichwa vikashuka tena. Nikasikia mtu akinong'ona, "Huyu mama ana mzigo moyoni." Upinde ukagusa nyuzi, Norah akaingia sehemu ya pili, kasi mwanzoni, kisha akatulia. Mheshimiwa alihamisha uzito mguu huu mpaka ule. Nadhani hajawahi kusimama muda mrefu hivyo bila kusema neno tangu alipobatizwa.

Noti ya mwisho ilikuwa ndefu. Niliiacha iishe. Nikaiacha ukumbini kidogo hata baada ya kuisha. Ndipo nikasema, "Amina."

Wakanizunguka mimi. "Mama Norah, sala yako ilikuwa na nguvu!" Mzee mmoja alisema goti lake limepoa. Akongo, jirani yangu, aliyesema ng'ombe anazaa, alikuwa anafuta machozi na kuuliza kama sala ya namna ile naweza kuileta kwao Jumamosi.

Mheshimiwa alinishika mkono. "Mama, sala ni safi. Lakini hiyo kitu ya mtoto ilikuwa inapiga kelele, mimi sikusikia ile maneno wewe unaomba."

"Niliyemwomba alisikia, Mheshimiwa."

Bwana Ojangole alinijia amekunja uso. Alisema nimevuruga ratiba, na kwamba Ulaya mambo hayafanywi hivyo. Nikageuka, kwa sababu Mwalimu Odhiambo alikuwa anarudi kutoka mlangoni akipita katikati ya watu.

Akasimama mbele ya Norah. Hakutabasamu.

"Sehemu ya pili umeingia ukikimbia."

"Ni pale waliposema Amina, Mwalimu."

"Hata Nairobi kuna watu wa kusema Amina kabla ya wakati. Wamejaa." Akaweka sawa mkoba wake begani. "Njoo Januari. Tutafanya kazi mpaka usiwasikie."

Akatoka mbio, akaruka juu ya bodaboda kuelekea mpakani.

Vijana walikuwa wameanza kupanga viti juu ya viti. Norah alibaki ameketi, selo kifuani, ameuzungusha mkono kama amebeba mtu. Bwana Ojangole akaja kuomba kiti alichokalia, kinahitajika kurudishwa parokiani kabla giza halijaingia. Nikamwambia aanze na vile vingine.